Mteremko wa Sant Pere

Kila walipofika juu ya mlima, Eudald alibanwa na mkojo. Aliegemeza baiskeli kwenye mti, akaomba radhi, akapotelea kichakani, na wenzake wakashuka bila yeye. Huko chini walimngoja wakinywa maji na kunyoosha migongo, mpaka wamwone anajitokeza kwenye kona ya mwisho, polepole, mikono yote miwili imekamata breki kama mtu aliyekaba shingo ya nyoka.

Mkewe, Queralt, aliamini kabisa kuwa ni yale maradhi ya wanaume wa umri ule. Alikuwa msusi, na saluni yake pale Banyoles haikukosa wanawake wenye waume wa rika hilo, kwa hiyo ushauri aliupata wa kumwaga. Kwa zaidi ya mwaka alimlisha mumewe mbegu za maboga asubuhi na jioni. Eudald alizitafuna kimya kimya, maana kutafuna kulikuwa rahisi kuliko kusema kweli.

Kweli yenyewe ni kwamba alikuwa anaogopa kushuka. Miaka miwili nyuma, kwenye Rocacorba, mlima wa nyumbani alioupanda tangu ujana, tairi la mbele lilimpasukia katikati ya kona. Alivunjika mtulinga, na mtulinga ukaunga. Lakini kulikuwa na kitambo kidogo, alipolala chali barabarani akitazama mawingu, ambapo hakuisikia miguu yake. Alijaribu kuchezesha vidole, navyo havikujibu. Baadaye miguu ilirudi, akasimama, hata akatania na watu wa gari la wagonjwa. Ila tangu siku ile, barabara ikianza tu kuinama, tumbo lilimwingia baridi, vidole vikakakamaa, na kichwa kikaanza kumwonyesha yote yanayoweza kutokea mbele: changarawe, ng'ombe, gari, mafuta yaliyomwagika.

Angeweza kumwambia Queralt, na pengine angemwambia, kama si Grau.

Grau alikuwa kaka mkubwa wa Queralt, muuza nyama sokoni Olot, mwenye shingo nene na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Alishuka milima kama gunia lililoachiwa kutoka ghorofani. Safari hii ya kwenda baharini kwa baiskeli, kuzunguka rasi na kurudi, Queralt na mumewe walikuwa wameipanga kwa ajili yao wawili. Grau alipoisikia mezani kwa mama yake, alijialika mwenyewe. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, zabibu zimekwisha kuvunwa na wageni wamerudi makwao, na barabara za vilimani zilikuwa tupu kabisa.

"Hebu nieleze, shemeji," alimwambia siku ya pili, Eudald alipowafikia mwisho wa mteremko mmoja mfupi. "Hicho kibofu chako kinajuaje kuwa tumefika juu? Kina ramani?"

"Mwache mume wangu," Queralt alisema. "Na wewe zamu yako inakuja."

"Mimi? Mimi niko imara kama farasi."

Eudald alicheka nao. Alikuwa fundi wa vigae, mtu wa kupiga magoti na kupima mistari, na maneno ya haraka haraka hayakuwa fani yake.

Asubuhi ya tatu iliwakuta Vilajuïga, kijiji kilicho chini ya mlima wa Sant Pere, katika nyumba ya wageni ya mjane mmoja aitwaye Bi Pietat. Usiku kucha madirisha yalikuwa yakigonga. Tramuntana ilikuwa imeanza, ule upepo wa kaskazini ambao ukiingia pwani ile, watu hufunga mbao za madirisha na kuongea kwa ukali bila sababu. Bi Pietat aliwawekea mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, na soseji kavu, kisha akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akawatazama kama anavyotazama mtu watoto wanaojiandaa kwenda kuogelea mtoni.

"Wanangu, leo pandeni treni," alisema. "Upande huu mlima unawakinga, hamtausikia. Mkifika juu hakuna wa kuwakinga."

"Bi mkubwa, mimi nina kilo zaidi ya mia," Grau alijibu. "Upepo wa kunibeba mimi bado haujazaliwa."

"Mwaka jana uliangusha lori."

"Lilibeba nini?"

"Magodoro."

"Basi! Magodoro siyo nyama."

Moyo wa Eudald ulikuwa umeshachangamka aliposikia neno treni. Alimtazama mkewe. Queralt alisema kwamba ingekuwa hasara kufika mpaka pale na kuuacha mlima wenyewe, lakini kama kuna mtu hataki, aseme. Alisema hivyo akimtazama yeye. Alikuwa amempa mlango wazi. Neno likamfika Eudald kwenye meno. Tupande treni, maneno mawili tu. Grau alikuwa ameacha kutafuna, mkate mkononi, akingoja. Eudald akalimeza lile neno pamoja na kahawa, akasema twende.

Kupanda kulikuwa raha. Kupanda hakujawahi kumtisha. Mtu anayepanda hata akianguka anaanguka pale alipo. Waliiacha mizeituni nyuma, wakaipita mizabibu iliyobaki na majani mekundu, kisha vichaka vya rosemari, kile kiungo cha nyama, na miamba. Jua liliwachoma migongo. Eudald ndiye aliyewaongoza, pumzi imetulia, na mara mbili ilimbidi asimame kumngoja Grau, ambaye uso ulikuwa umemwiva kama nyama anayouza. Ila huko juu, nyuma ya ukingo wa mlima, kulikuwa na sauti. Ilifanana na treni inayokuja na haifiki. Kadiri walivyopanda ndivyo ilivyozidi, na Eudald akaanza kupunguza mwendo bila kujua kuwa anapunguza.

Walipotokeza kwenye ukingo, upepo uliwapiga kifuani. Queralt alifungua kinywa kucheka, na kicheko hakikusikika. Chini yao, mbali, bahari ilikuwa nyeupe kwa mapovu mpaka upeo wa macho, na monasteri ya kale ya Sant Pere ilikuwa imejikunyata ubavuni mwa mlima. Barabara ya kushukia ilijipinda kona baada ya kona, mlima mkono wa kulia, korongo mkono wa kushoto, na kati ya barabara na korongo palikuwa na kiukuta cha mawe kisichofika magotini. Sehemu nyingine hata hicho hakikuwapo.

Walijibanza nyuma ya jabali. Ili kusikilizana ilibidi kuwekana midomo masikioni.

"Unaonaje?" Queralt alimwuliza mumewe.

"Nyie tangulieni. Nina haja."

Queralt alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, nywele zinamchapa usoni. "Tutakungoja njia panda ya Santa Creu. Na usikimbie, upepo mbaya."

Usikimbie. Eudald alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa na nia ya kukimbia.

Grau akampiga begani. "Ukikojoa, shemeji, angalia kwanza upepo unatoka wapi."

Wakaondoka, Queralt mbele, ameinama mpaka kidevu karibu kiguse usukani, koti lake la buluu limejaa upepo mgongoni. Grau nyuma yake. Kwenye kona ya kwanza upepo ulimsukuma Grau pembeni, baiskeli ikayumba, akatoa mguu, akajiweka sawa, akainua ngumi hewani bila kugeuka. Kisha mlima ukawameza.

Eudald alibaki nyuma ya jabali mpaka alipojiona mjinga. Hakuwa na mkojo wowote. Alichungulia mteremko. Akakata shauri kutembea. Aliikamata baiskeli upande wa mlimani, akajikunja, akaanza kushuka hatua kwa hatua. Upepo ulipozidi aliilaza baiskeli na kulala juu yake. Mara moja gurudumu la nyuma liliinuka lenyewe, likazunguka hewani kama tiara linalotaka kuruka, na alilishusha kwa kulikumbatia.

Akiwa anatembea, alitunga uongo. Mkojo peke yake usingetosha kueleza saa nzima. Cheni ilikatika? Wangeiona nzima. Pancha, basi. Pancha haina mjadala. Penye kona moja iliyokingwa na mwamba alichuchumaa, akafungua kifuniko kidogo cha mahali pa kujazia upepo kwenye gurudumu la mbele, akabonyeza, akausikiliza upepo ukitoka mpaka tairi likalala. Alijisikia nafuu. Sasa alikuwa na sababu ya kutembea ambayo mtu yeyote angeielewa, hata Grau.

Alipozunguka mwamba ule aliona chupa ya maji.

Ilikuwa chupa nyekundu, inabiringika katikati ya barabara, inakwenda, inarudi, kama kitu kinachochezewa. Wote watatu walikuwa na chupa kama ile. Queralt alizinunua pamoja dukani. Mbele ya chupa, changarawe za pembeni zilikuwa zimechimbwa mstari mmoja mrefu, na mstari ule ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiukuta. Jiwe la juu la ukuta halikuwapo. Mahali lilipotoka palikuwa peupe, pabichi.

Aliiacha baiskeli ianguke. Hakuweza kwenda mpaka ukingoni kwa miguu, upepo ulikuwa unamwelemea, kwa hiyo alilala kifudifudi akajiburuta, mashavu kwenye lami, na njia nzima kichwani mwake kulikuwa na koti la buluu. Aliliona limetanda miibani. Aliona nywele. Alifika kwenye ukuta na hakuthubutu kuinua kichwa. Alikaa vile, paji la uso limegusa jiwe, akaita jina la mkewe. Upepo ukalichukua. Akaliita tena. Akaita la Grau.

Kati ya vishindo viwili vya upepo, kutoka chini, ikaja sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamume.

Kitu cha kwanza alichohisi Eudald kilikuwa furaha. Furaha tupu, iliyompanda mpaka machozi yakamtoka: siyo yeye, siyo Queralt. Ilidumu pumzi moja. Kisha akakumbuka ni nani aliyekuwa akiita kule chini, akainua kichwa.

Ubavu ule wa mlima zamani ulikuwa mashamba ya mizabibu, na ngazi za mawe walizojenga wakulima kushikilia udongo bado zilikuwapo, zimebomoka na kuvamiwa na miiba. Grau alikuwa kwenye ngazi ya tatu kwenda chini, ameegemea ukuta, baiskeli imejipinda mbali kidogo. Eudald aliteremka kwa makalio, akishika mashina ya rosemari, bila kutazama korongo. Shina moja lilimng'oka mkononi na mawe yakaporomoka kwa kelele, naye akabaki ameganda, mgongo umebandikwa ukutani, mpaka Grau alipomwita tena.

Uso wa Grau, ambao siku zote ulikuwa mwekundu, ulikuwa wa rangi ya majivu. Jasho lilikuwa linamtiririka na hapo hapo alikuwa anatetemeka. Mguu wa kushoto ulielekea upande ambao mguu haupaswi kuelekea, na paja lilikuwa limevimba mpaka suruali imekaza kama ngoma.

"Usimwambie mama," Grau alisema. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichosema, mtu wa miaka karibu hamsini.

"Simwambii. Queralt yuko wapi?"

"Mbele. Hakuniona. Ulikuja upepo mmoja, shemeji, ulinipiga ubavuni kama gari. Nilikuwa barabarani, halafu sikuwa barabarani."

Eudald alitoa simu. Mtandao haukuwapo hata kidogo pale bondeni. Ya Grau ilikuwa imevunjika mfukoni. Alivua koti lake akamfunika, akavua na fulana ya sufu, akamwekea kifuani. Mguu hakuthubutu kuugusa. Akasema itabidi aende chini, mpaka mahali simu inaposhika, aite watu.

Grau akamshika mkono wa shati. Mkono ule uliozoea kugawa mifupa kwa pigo moja haukuwa na nguvu.

"Usiniache hapa."

"Nikikaa hakuna anayekuja."

Grau alifumba macho, akapumua kidogo kidogo, akayafumbua. "Utatembea," alisema. "Nakujua wewe. Utashuka kwa miguu."

Eudald alilivuta koti mpaka shingoni mwa Grau.

"Unadhani sijui? Nimejua tangu mwaka jana. Hakuna kibofu cha namna hiyo." Alijaribu kutabasamu, meno yakagongana. "Sikusema kwa dada. Nilikutania tu, lakini sikusema. Leo usitembee, shemeji. Nakuomba. Nasikia baridi inapanda, haiishii miguuni. Panda baiskeli."

Eudald alisema atapanda. Alipanda zile ngazi za mawe kwa mikono na magoti, na alipofika barabarani akaikuta baiskeli ilipoangukia, na tairi la mbele limelala kama alivyolilaza.

Alikuwa amesahau kabisa. Alisimama pale akilitazama, na kwa muda hakuelewa anachokiona. Kisha akaitoa pampu kwenye fremu, ile ndogo ya safarini, yenye urefu wa kiganja na nusu. Mdomo wa pampu ulikataa kushika. Aliuchomeka, ukatoka, akauchomeka tena. Alijaza akiwa amelala juu ya gurudumu ili upepo usilichukue, akisukuma, akisukuma, na pampu ile ilitoa kiasi cha pumzi ya paka kila mara. Alikuwa akilia na kutukana. Huko chini kwenye ngazi ya tatu mtu alikuwa anapoa, na yeye alikuwa barabarani akirudisha upepo alioutoa kwa mkono wake mwenyewe. Tairi lilipofika nusu, laini bado, aliona hawezi kungoja zaidi. Akapanda.

Watu husimulia kwamba mtu akiwa na kazi ya kuokoa, hofu humwacha. Ya Eudald haikumwacha. Ilipanda naye kwenye kiti. Tairi la mbele lilikuwa linalegea na kupepesuka kwenye kila kona, tairi lilelile la mbele, na kila lilipolegea aliisikia Rocacorba mgongoni. Alisikia miguu yake haipo. Aliitazama kwa haraka ahakikishe ipo. Breki zilikuwa zinapiga kelele, na alizikamata hivyo hivyo, akaachia, akakamata, akaona ukuta wa mawe unakuja, akageuza, akaona korongo. Alikuwa akisema kwa sauti maneno yasiyo na maana, polepole polepole polepole, huku akienda kasi kuliko alivyokwenda kwa miaka miwili.

Palipo wazi, ambapo mlima hauna kificho chochote, upepo ulimbeba. Hakuna neno jingine. Magurudumu yalihama kutoka upande wa kushoto wa barabara mpaka wa kulia, kwa utulivu kama mtu anayehamisha kiti, na akaangukia mlimani, goti na kiwiko kwenye mawe. Angeangukia upande wa pili angekuwa na Grau. Alibaki ameketi, suruali imechanika, akasema basi, siwezi, natembea. Alisema kweli na alikusudia. Akainuka, akashika usukani, akatembea hatua chache. Kisha akalikumbuka lile paja lililokaza suruali, akapanda tena, analia, pua inachuruzika.

Kona mbili zaidi chini akamwona Queralt. Alikuwa amechoka kungoja na alikuwa anapanda kwa miguu, akiisukuma baiskeli dhidi ya upepo, kichwa chini. Alipoinua kichwa akamwona mumewe peke yake, bila koti, ana damu, alisimama.

"Grau yuko wapi?"

"Ameanguka. Yu hai. Mguu umevunjika, paja. Simu yangu haishiki."

Hakupiga kelele. Alitoa simu yake, akasogea kwenye kijiwe kilichotazama bahari, akazuia sikio moja kwa kidole, na Eudald akamsikia akitaja barabara, kona, umri, jina la kaka yake kwa ukamilifu, kwa sauti ileile anayopangia wateja zamu. Alipokata ndipo akamgeukia.

"Ilikuwaje umechelewa hivi? Nimengoja na kungoja."

"Nilikuwa natembea," Eudald alisema. "Naogopa kushuka. Siku zote. Hakuna ugonjwa wowote."

Queralt alimtazama kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha ya mbali. Kisha akageuza baiskeli na kuanza kupanda, naye Eudald akamfuata.

Helikopta haikuweza kuruka katika upepo ule. Walikuja watu wa zimamoto kwa barabara, na kamba na machela, na ilichukua muda mrefu kumpandisha Grau ngazi tatu tu za mawe. Queralt alikuwa ameshuka kwa kaka yake mwanzoni kabisa na hakutoka ubavuni mwake. Alimpigisha maneno yasiyoisha, akamtukana kwa upendo, akamtajia majirani wote wa utotoni ili asilale. Eudald aliambiwa akae pembeni, akakaa. Grau alipopitishwa mbele yake, midomo ilikuwa ya samawati na macho hayakumtambua mtu. Mlango wa gari ulifungwa, Queralt ndani, na gari likashuka zile kona alizozishuka yeye, taratibu mno, mpaka alitaka kulipigia kelele.

Ndipo mwili ulipomwachia. Meno, mabega, magoti, vyote vilianza kucheza mara moja. Mtu mmoja wa zimamoto, mwenye ndevu, alimkalisha ndani ya gari lao, akamvisha blanketi, akazipakia baiskeli nyuma bila kumwuliza. Baada ya kitambo akamwambia kuwa hata yeye, na kazi yake yote, barabara ile siku ya tramuntana asingeishuka kwa baiskeli. Alisema kwa nia njema. Eudald alitaka kumweleza habari ya tairi na akashindwa.

Alimweleza Queralt, jioni ileile, kwenye korido ya hospitali, Grau akiwa chumba cha upasuaji. Daktari alikuwa ametoka kuwaambia kwamba mfupa wa paja ulikuwa umekata mshipa, kwamba damu ilikuwa imemwagikia ndani, na kwamba mgonjwa alipofikishwa hakuwa amebakiwa na muda mwingi. Eudald angeweza kunyamaza. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua. Lakini aliliona lile tairi kila alipofumba macho, akasema: nililitoa upepo mwenyewe, nipate kisingizio, kabla sijajua. Halafu ikabidi nilijaze.

Queralt aliinuka, akaenda kuketi viti vya upande wa pili wa korido. Walikaa hivyo, yeye kule na mumewe huku, watu wanapita katikati na vitoroli. Eudald hakumfuata. Alisubiri akiwa na hofu nyingine, isiyo na kona wala upepo, na aliona kuwa hii hajui hata breki zake ziko wapi. Alipokuja daktari tena kusema Grau amenusurika, kwamba mguu utabaki na chuma ndani lakini utabaki, Queralt alilia akiwa amesimama, na kwa kuwa aliyekuwa karibu ni Eudald, alilia kifuani kwake. Baadaye akamwambia, bila kumtazama, kwamba kuogopa angemwelewa siku ya kwanza. Alichoshindwa kuelewa ni kuogopa miaka miwili peke yako na mkeo yuko kitanda hichohicho.

Grau alitembea kwa magongo mpaka majira ya kuchipua, akarudi sokoni, akakata nyama akiwa amekalia stuli ndefu. Mama yake aliambiwa ni gari lililomgonga. Hilo walikubaliana wote. Eudald alipomsimulia habari ya tairi, Grau alikuwa anatoa mifupa kwenye mguu wa kondoo. Aliendelea kutoa mifupa.

"Ulilijaza?" aliuliza mwishowe.

"Nusu."

"Ukashuka na nusu?"

"Nikashuka na nusu."

Grau alifunga ile nyama kwenye karatasi, akaisukuma juu ya meza. "Mpelekee dada. Aiweke rosemari," alisema, akamwita mteja aliyefuata.

Mwezi wa Mei Queralt alisema anataka kuona bahari. Walikwenda wawili, kwa barabara nyingine, vilima vya chini zaidi, hewa imetulia na mashamba yamejaa maua mekundu. Walipofika juu ya kilima cha kwanza, Eudald alishuka kwenye baiskeli, akasema kwa sauti ya kawaida kuwa anatembea kuanzia hapo. Queralt akasema sawa, atamngoja kwenye daraja. Akajiachia.

Eudald alidhani kwa kuwa amesema kweli angetembea na moyo mweupe. Haikuwa hivyo. Aliusikiliza mlio wa magurudumu ya mkewe ukipungua, kona moja, kona ya pili, kisha asisikie kitu, na tumbo likamwingia baridi ileile ya zamani. Sasa haikuwa kwa ajili yake. Kila penye kona alitazama kwanza lami, kisha changarawe za pembeni, kisha ukuta. Alianza kutembea haraka. Kisha akaanza kukimbia, baiskeli inagonga gonga ubavuni, mpaka akaliona daraja, na Queralt ameketi juu ya kingo zake, viatu amevua, anamenya chungwa. Eudald akasimama pale juu mpaka pumzi imrudie, ndipo akateremka kumfuata.